Alikokuwa Thobias Jumamosi Ile

Jumanne, 11 Machi 2025

Wamemkamata Thobias jana asubuhi, kazini, kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, mbele ya wenzake wote. Donatus, mwenzake wa kazini, ndiye aliyenipigia. "Shemeji, njoo kituoni. Kesi ya kubaka." Nikakata simu. Kisha nikampigia mwenyewe ili aseme tena.

Kuna dada anauza samaki wa kukaanga kule machimboni. Jumamosi saa kumi jioni alivamiwa kwenye njia ya vichakani. Mwanaume kavaa ovaroli ya karasha la kina Thobias, kitambaa usoni. Yeye anasema ni Thobias. Anamfahamu, humuuzia samaki.

Mchana polisi wakaja nyumbani. Mwanaume mmoja, na yule askari wa kike wa Dawati la Jinsia. Mjumbe naye. Na Mama Davis, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, ambaye hakuitwa na mtu. Wakaniuliza: Jumamosi saa kumi mumeo alikuwa wapi?

Nikajibu swali halijaisha. Alikuwa amelala humu ndani, homa. Jumuiya nzima ni shahidi!

Humu naandika ukweli, maana daftari halina jumuiya. Jumamosi jioni ilikuwa zamu yangu, watu wamekuja kusali kwangu. Chai ipo, mabenchi nimeazima, mwenye nyumba mwenyewe, Thobias, hayupo! Aliondoka Ijumaa, simu kazima. Mama Davis akauliza, Baba Ignas yuko wapi? Nikasema amelala, homa kali. Basi wakasimama wote mlangoni pa chumba, mikono wameinyoosha, wakamwombea mgonjwa. Sala ndefu! Wanaume wanne na wanawake kumi na mmoja wanakiombea kitanda kitupu, na mimi naitikia Amina kuwashinda wote.

Sasa ningesemaje tofauti jana, Mama Davis kasimama pale na macho yake? Nikasaini maelezo. Karatasi mbili.

Jumatano, 12 Machi

Nimeruhusiwa kumwona dakika tano. Nilidhani atanishukuru. Kaja juu! Nani kakutuma useme nilikuwa nyumbani? Mimi nimeshawaambia nilikuwa Katoro.

Katoro kufanya nini?

Akatazama miguu yake.

Kwa nani?

"Kwa Vumilia."

Kalitaja hivyo hivyo, kama mtu anayetaja kituo anachoshukia. Miaka kumi na moja ya ndoa ya kanisani, na jina hilo lilikuwa limekaa mdomoni mwake siku zote likisubiri kuulizwa. Nikamuuliza Vumilia ndiye nani. Askari akasema muda umekwisha. Haukwisha! Nilikuwa natazama saa ya ukutani.

Chakula nilichompelekea nimemwachia ugali. Nyama nimerudi nayo.

Ijumaa, 28 Machi

Kesi imetajwa leo. Tumepata wakili wa msaada wa kisheria, anaitwa Agnetha. Binti mdogo, miwani, viatu vyeusi vimeng'arishwa. Amenieleza polepole kama mtoto wa darasa la pili. Kosa la kubaka, akitiwa hatiani, ni miaka thelathini. Si chini ya hapo. Hakimu hata akimhurumia hana pa kupunguza. Na viboko vinaweza kuwemo, na fidia kwa yule dada.

Thobias ana miaka thelathini na minane. Atatoka na sitini na minane. Ignas mwanangu atakuwa amenipa wajukuu.

Dhamana ipo kisheria, lakini wadhamini hawapo. Kaka zake wote wamepata safari wiki hiyo hiyo moja.

Nilisimama pembeni wakili akiongea na Thobias kwenye nondo. Thobias akacheka. Kidogo tu, puani. Mimi hajanichekea tangu Krismasi. Nina wivu hata na wakili anayemwokoa — naandika nijione nilivyo.

Kisha wakili akanigeukia mimi. Mama Ignas, yule mama wa Katoro lazima aje. Tunatakiwa kuiambia mahakama mapema kwamba mshtakiwa hakuwepo eneo la tukio, na alikuwa kwa nani. Tukichelewa, haitapewa uzito. Lakini maelezo yako uliyosaini ni jiwe katikati ya barabara. Wewe unasema alikuwa nyumbani, hapa Kahama, yeye anasema Katoro. Hakimu atasema wote waongo.

Nikamuuliza, nikikataa kuja? Akasema mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Kumtetea anaweza, akitaka.

Akitaka!

Njiani nimewaza jambo baya, naliandika lilivyo. Gerezani angalau ningejua analala wapi.

Jumapili, 6 Aprili

Mama mkwe amekuja kutoka Tinde na kuku wawili. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza yote, nikilia. Nilitaka alie nami. Akaendelea kuchambua mchele.

"Vumilia namjua, ng'wanone, mwanangu. Amenipikia."

Amempikia! Lini? Mwaka juzi, alipokwenda Katoro kutibiwa macho. Alilala kwake siku tisa. Siku tisa, na akarudi hapa kwangu akala ubwabwa wangu akanisifia!

"Kwetu mwanaume mwenye miji miwili si habari, mayu. Habari ni wewe kuwaombesha watu kitanda. Ungesema hayupo, wangesali wakaenda. Mficha uchi hazai."

Kwa hiyo kosa ni langu. Yeye kalala nje, mimi ndiye mkosaji. Nimewachinja kuku wote wawili leo leo, nikampa mama mkwe mapaja, na sikusema naye tena hadi alipopanda gari.

Ubaya ni kwamba ana haki. Ndiyo maana sijatulia.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo hoja za awali. Watu wamejaa. Mwendesha mashtaka akasoma, wakili akasimama, akasema mshtakiwa anatoa taarifa: siku na saa hiyo alikuwa Katoro, nyumbani kwa Vumilia binti Makoye. Hakimu akainamisha kichwa akaandika. Akauliza, Vumilia nani? Makoye, mheshimiwa. Akaandika na hilo.

Mama Davis alikuwa benchi la tatu. Hakunitazama. Akageuka taratibu akamtazama Mama Boaz, na Mama Boaz akatazama kucha zake. Basi. Jumuiya nzima imejua.

Kwenye jalada la mume wangu limeandikwa jina zima la mwanamke mwingine. Langu halimo hata kwenye pambizo.

Jumatano, 4 Juni

Yule dada ametoa ushahidi. Kesi za namna hii zinasikilizwa faragha, tumetolewa nje sote. Nimemwona akipita koridoni.

Naungama. Miezi mitatu hii nilikuwa nimemtengeneza kichwani. Mnene, mwenye cheko, rangi ya mkorogo, mmoja wa wanawake zake hao hao. Nilijiambia wamegombana wakakomoana. Nilimwonea wivu hata huyo! Kumbe ni mwembamba, kafunga kichwa kwa kanga iliyochakaa, kamshika mkono mama yake kama wanavuka mto. Alipofika mlangoni akasimama. Mama yake akamsukuma taratibu, mgongoni, kwa kiganja.

Kilichompata kimempata. Hilo sina shaka nalo tena. Na kama si Thobias, basi aliyefanya yuko machimboni leo, anakunywa chai.

Wakili ametoka jasho linamtiririka. Anasema dada ni mkweli, ila aliona ovaroli na kimo, uso hakuuona vizuri. Anaamini anachosema. Mashahidi wa namna hiyo ndio wagumu.

Nimerudi kwa miguu. Sikuwa na hasira na mtu mpaka nilipofika nyumbani.

Alhamisi, 26 Juni

Mpelelezi amemaliza. Aliulizwa kama alichunguza madai ya Katoro. Akajibu: mke ana lake, mume ana lake, nimchunguze nani?

Mahakama imeona Thobias ana kesi ya kujibu. Utetezi ni Julai. Yeye wa kwanza, Vumilia wa pili, mimi wa tatu.

Wa tatu.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekwenda Katoro. Nimemwambia Ignas nafuata vitenge. Nimepanda gari mbili, vumbi mpaka kwenye meno. Sikwenda kwa ajili ya kesi, wakili alishazungumza naye kwa simu na wito kapelekewa. Nimekwenda kumwona. Kumwona tu, nijue nimeshindwa na nini.

Nilijiandaa kwa msichana. Nilivaa gauni la Pasaka, nikapaka wanja kwenye choo cha stendi. Nikaonyeshwa nyumba na mtoto anayechunga mbuzi. Akatoka mwanamke wa miaka arobaini na tano au sita. Mvi zinaanza. Jino moja la pembeni halipo. Kanizidi miaka kumi!

Yaani kwa umri wake natakiwa kumwamkia shikamoo. Nikasema, "Habari za hapa." Mwenyewe akaona, akaipokea hivyo hivyo.

"Karibu, Mama Ignas. Nilijua utakuja. Mimi nisingekaa wiki."

Akanipa kigoda. Nikakataa, kisha nikakaa. Nikamuuliza, Jumamosi ile alikuwa anafanya nini hapa? Nilitaka aone haya. Nilitaka aseme, niondoke na uchafu wake nikautupe barabarani.

Akasema: "Alikuwa anapika."

Thobias?

"Nilikuwa na malaria, sina nguvu hata ya kusimama. Alikuja Ijumaa, akakuta nimelala sakafuni. Jumamosi akachota maji, ndoo sita. Majirani walimcheka, mwanaume mzima na ndoo kichwani. Saa kumi alikuwa hapo ulipokaa, anapepeta mchele. Mchele wenyewe aliuunguza."

Ndoo kichwani! Miaka kumi na moja hajanisogezea hata kikombe. Nilipojifungua Ignas, maji nilichotewa na dada yangu Serafina kutoka Kishapu. Nilipougua matumbo, alisimama mlangoni akauliza kama kuna chakula. Nilifikiri ndivyo alivyo, kwamba mikono yake haikuumbwa kwa kazi hiyo. Kumbe inajua! Ningemkuta kitandani na malaya wa miaka ishirini ningelia, ningemtukana, ningesamehe labda. Lakini ndoo sita!

Homa ilikuwepo kweli siku ile, sema ilikuwa Katoro. Na sala zetu zote sijui zilipita wapi.

Vumilia ni mjane. Nyumba ipo kwenye kiwanja cha mashemeji zake. Wamemwambia, ukienda mahakamani kusema alilala hapa, usirudi. Vyombo vyake vimeshafungwa kwenye shuka, nimeviona nyuma ya mlango.

Nikamuuliza, sasa utasema nini?

"Nitasema alikuwa hapa. Mtu hawezi kufungwa miaka thelathini kwa sababu mimi naona aibu."

Hakuninyooshea kidole. Pengine hata hajui nilivyosaini. Lakini nilikaa pale kwenye kigoda nikasikia uso unawaka. Mimi nililinda jina langu. Huyu anapoteza nyumba, na anaongea huku akinitafutia kikombe kisicho na ufa.

Chai sikunywa. Vitenge sikununua. Ignas ameniuliza, nikasema duka lilifungwa.

Jumatatu, 14 Julai

Wakili amenifanyisha mazoezi ofisini kwake. Yeye mwendesha mashtaka, mimi mimi.

Shahidi, ulipowaambia polisi mumeo alikuwa nyumbani, ulisema kweli?

Hapana.

Kwa nini ulidanganya?

Hapo nanyamaza. Mara tatu kaniuliza, mara tatu nimenyamaza. Akavua miwani. Mama Ignas, sema kwa sababu uliona aibu mumeo hakulala nyumbani. Maneno machache tu. Ukiyasema, ushahidi wa yule mama unasimama. Usipoyasema, au ukisema maelezo yako ni ya kweli, sina kitu. Thobias anafungwa.

Nimekaa na hesabu yangu mwenyewe tangu mchana. Nikisema kweli, anatoka. Anatoka kwenda wapi? Vyombo vya mtu vimefungwa kwenye shuka, vinasubiri pa kwenda. Nikisimama na uongo wangu, hakuna atakayempata. Nitampelekea sabuni kila mwezi, nitakuwa mke wa Thobias kwenye kitabu cha wageni cha gereza, mimi peke yangu, mpaka nizeeke.

Kisha namkumbuka yule dada anavyosukumwa mlangoni. Mtu asiyehusika akifungwa kwa ajili yake, yeye anapata nini? Amani ya uongo. Kama yangu.

Nimemkosea Mungu kwa kuwaza tu. Lakini nimewaza, na ni wivu, hauna jina lingine la kanisani.

Jumanne, 22 Julai

Naandika nikiwa benchi la nje ya mahakama. Saa tano kasoro.

Thobias alishajitetea tangu saa tatu. Sasa ni Vumilia. Mlango umefungwa. Mimi shahidi pia, siruhusiwi kumsikia. Kaja na gari la alfajiri, gauni la bluu limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, kuna alama ndogo ya kuungua begani. Tumekaa benchi moja nusu saa, wakili katukataza kuongea.

Dakika ishirini.

Nasikia sauti yake, maneno siyapati. Anaongea taratibu, hakatizwi. Mle ndani anasema habari za mume wangu. Anaelezea anavyopika! Hakimu anaandika, mwendesha mashtaka anaandika, karani anasikia, askari wa mlangoni anasikia. Watu wasiomjua hata chembe wanaambiwa Thobias ni nani, mimi niko nje nahesabu vigae.

Dakika thelathini na tano. Wamecheka! Nimesikia. Si mmoja, watu kadhaa. Nini kinachochekesha kwenye kesi ya kubaka? Mchele? Atakuwa amesema mchele uliungua. Na Thobias je, naye amecheka?

Sauti ya mwendesha mashtaka, kali. Ya Vumilia haijapanda.

Dakika hamsini. Ametoka. Macho mekundu, lakini kichwa kiko juu. Hakukaa, amesimama nyuma yangu dirishani, anapumua kama mtu aliyetua mzigo. Wakili amechungulia, amenipungia. Najua maneno yangu. Kwa sababu niliona aibu mumeo hakulala — hapana, mume wangu. Mume wangu hakulala nyumbani. Hata kwenye daftari nimekosea.

Karani amekuja na orodha yake ya mashahidi. Kijana mpole. Jina? Paskalina Ignas — nimesema la mtoto, nikarekebisha. Umri? Dini? Kazi? Nimejibu yote.

Uhusiano na mshtakiwa?

Mke, nikasema.

Kalamu haikuandika. Akatazama juu ya karatasi, akatazama chini. Samahani mama, anasema, shahidi aliyetoka sasa hivi nimemwandika mke. Ndivyo alivyosema mwenyewe, mshtakiwa hakukataa. Wewe nikuandike nani?

Nimemwambia asubiri, namalizia mstari. Mlango uko wazi. Kutoka hapa nakiona kizimba. Thobias amesimama, kakonda, ameshika ubao kwa mikono miwili, anatazama huku nje moja kwa moja. Vumilia yuko nyuma yangu. Tuko kwenye mstari mmoja, sijui anamtazama nani.

Karani anasema, mama, hakimu anasubiri. Nafunga daftari.